Oganiki Haikuzaliwa Supamaketi

Kila nikiposti video ya vitanda vyangu vya mboga hapa Masii, lazima mtu akomenti kwamba hayo mambo ya oganiki ni ya watu wa Karen. Mwingine atauliza ni mzungu gani alinifunza. Na siwalaumu sana. Ukiingia supamaketi kubwa Nairobi, utapata terere imefungwa kwa plastiki, ina kibandiko cha kijani, na bei imepanda hadi unashangaa kama ni terere ile ile inayomea bila ruhusa ya mtu nyuma ya choo kwenu ushago.

Hii posti ni ndefu, nakuambia mapema. Ukitaka video ya sekunde thelathini, ziko tele. Lakini kuna hadithi nyuma ya hiyo terere, na nimechoka kuona tukiuziwa vitu vya susu zetu kama vimetoka Ulaya juzi. (Susu ni nyanya kwa Kikamba. Nyanya wa kukulea, si nyanya ya kachumbari.)

Ninachosema ni hiki. Bustani ya nyumbani bila dawa za duka ndiyo ilikuwa bustani ya kawaida Ukambani. Haikupotea kwa sababu watu walikuwa wajinga. Ilisukumwa pole pole na mambo manne: ardhi, wanyama, mbegu na wakati wa wanawake. Na kama kizazi chetu kinataka irudi, hayo manne ndiyo ya kuangalia kabla hatujaanza kupiga picha za rozimari kwenye dirisha.

Kabla hakujakuwa na jina

Kwanza tuelewane kuhusu neno lenyewe. Watu wengi wanadhani wazungu waligundua kilimo hai halafu wakatuletea. Mtu anayetajwa sana kwenye hiyo historia ni Albert Howard, Mwingereza mtaalamu wa mimea aliyefanya kazi India kuanzia 1905. Huko Indore, miaka ya 1920, alitengeneza mfumo wa mboji ambao baadaye ulisambaa duniani. Lakini yeye mwenyewe alikuwa akiangalia venye wakulima wa India na China wanarudisha taka shambani. Kitabu chake kilitoka 1940, na mwaka huo huo Mwingereza mwingine, Lord Northbourne, akaandika kitabu kilichosaidia kueneza neno la oganiki kwa maana tunayoitumia leo. Kwa hivyo hata huko Uingereza, darasa lilianzia kwa mkulima maskini wa Asia. Mwalimu akabadilika kuwa mwanafunzi, na mwanafunzi akaandika kitabu.

Huku kwetu hakukuwa na kitabu. Kulikuwa na mtama, mawele, wimbi, kunde, mbaazi na maboga kwenye shamba moja. Ukiangalia kwa jicho la leo utasema ni fujo. Si fujo. Kunde na mbaazi zina bakteria kwenye mizizi zinazochukua nitrojeni hewani na kuiweka udongoni. Majani ya kunde na ya maboga yanafunika ardhi, jua halichomi udongo moja kwa moja. Mbaazi ina mzizi mrefu, inafuata maji chini wakati mahindi yameshakata tamaa. Kando ya nyumba kulikuwa na boma la mbuzi na ng'ombe, na hapo karibu na boma, mahali samadi imeoza, ndipo mboga za majani zilinawiri. Nyingi hazikupandwa hata. Terere na managu zilijiotea, na mama alijua tu kuziacha wakati wa kupalilia.

Mbegu nazo zilikaa jikoni. Zilichanganywa na majivu, zikawekwa kwa kibuyu ama zikaning'inizwa juu ya moto, moshi ukafukuza wadudu. Hakuna mtu alienda dukani kununua pakiti. Mbegu ilitoka kwa mama mkwe, kwa jirani, kwa dada aliyeolewa mbali.

Sasa usinisome vibaya. Sisemi ilikuwa peponi. Wakamba wana desturi ya kuyapa majina makame na njaa, na orodha ni ndefu. Ile ya 1897 hadi 1899 iliitwa Ngomanisye, kwa maana ilienea kila mahali. Ilikuja miaka michache tu baada ya ugonjwa wa sotoka kumaliza ng'ombe, na ndui nayo ikaingia. Watu walikufa wengi sana. Reli ya kutoka Mombasa ilikuwa ikijengwa wakati huo huo, ikafika Nairobi 1899 na kuiacha Machakos kando, ingawa Machakos ndiyo ilikuwa kituo cha utawala cha Waingereza tangu siku za kampuni yao. Kwa hivyo ukisikia mtu akikuambia zamani kila mtu alikula vizuri, muulize kuhusu Ngomanisye. Mbinu za susu zilikuwa nzuri, lakini mvua ikikataa misimu mitatu mfululizo, mboji haikuokoi.

Na hata hiyo "asili" tunayoimba ina visa. Mahindi, nyanya, pilipili, mihogo na maboga mengi tunayokula asili yake ni bara la Amerika. Mbaazi ilitoka India. Dania pia ilitoka mbali. Kunde, mtama na managu ndizo za Afrika kabisa. Bustani ya Mkamba siku zote ilikuwa na wageni, na wageni wakishazoea wakawa wenyeji. Kwa hivyo sina shida na mmea uliotoka nje. Shida yangu ni nani anashika mbegu yake, na hiyo tutaifikia.

Ng'ombe, milima na mtaa wa Muindi Mbingu

Serikali ya kikoloni ilichora mpaka na kuita sehemu ya ndani Hifadhi ya Wakamba. Milima ya Mua ikaenda kwa walowezi. Malisho ya Yatta yakawekewa masharti. Watu na mifugo yao wakabanwa mahali padogo, wakaongezeka, na udongo ukaanza kuisha. Kufikia miaka ya 1930 vilima vya Machakos vilikuwa na makorongo. Mwaka wa 1937 afisa wa udongo, Colin Maher, aliandika ripoti ndefu kuhusu mmomonyoko hapa, na ripoti hiyo ikawa kama hukumu: Mkamba ameharibu ardhi yake mwenyewe kwa kufuga ng'ombe wengi.

Ona hiyo hesabu lakini. Unamnyang'anya mtu nusu ya uwanja, halafu unamshtaki kwa kukanyaga nusu iliyobaki.

Dawa waliyopendekeza ilikuwa kupunguza ng'ombe kwa nguvu. Mwaka wa 1938 mifugo ikaanza kuchukuliwa na kuuzwa kwa bei ya kutupa, na kiwanda cha nyama cha Liebig kilikuwa kimefunguliwa Athi River, tayari kuipokea. Wakamba wakaungana kupitia Ukamba Members Association, wakatembea hadi Nairobi wakaongozwa na Muindi Mbingu, wakapiga kambi huko kwa wiki kadhaa wakidai kuonana na gavana. Muindi Mbingu akakamatwa na kupelekwa Lamu uhamishoni. Lakini serikali ikalegeza. Mpango wa kuchukua ng'ombe kwa nguvu ukaachwa.

Kama uko Nairobi, umeshapita mtaa wake mara mia. Muindi Mbingu Street, pale City Market ilipo. Mtu aliyepigania ng'ombe wasiishie buchani amepewa mtaa wenye mojawapo ya mabucha maarufu ya jiji. Sijui aliyepanga alikuwa anacheka.

Kwa nini naongea ng'ombe kwa posti ya mboga? Kwa sababu bila boma hakuna samadi, na bila samadi bustani ya hapa ni mchanga mwekundu tu. Watu wa 1938 walijua hilo. Kwao ng'ombe alikuwa maziwa, mahari, benki na mbolea. Ukimwondoa, unaondoa pia kitanda cha mboga cha mama. Hiyo sehemu ya mboga haikuandikwa sana kwenye historia, kwa sababu historia iliandikwa na wanaume kuhusu wanaume, na bustani ilikuwa ya wanawake.

Fanya juu

Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, serikali ikaja na mpango mwingine: matuta kwa lazima. Watu walitolewa majumbani kuchimba. Kazi ya bure, na usipokwenda kuna faini. Wazee wengi waliichukia sana, na haki walikuwa nayo. Ukilazimishwa kuchimba mtaro na mtu yule yule aliyetaka ng'ombe wako juzi, lazima ushuku.

Mambo yalibadilika miaka ya 1950, na si kwa sababu ya mtaalamu. Maafisa waligundua kazi inaenda haraka zaidi ikifanywa kwa njia ya mwethya. Mwethya ni utaratibu wa zamani wa Wakamba: majirani wanakusanyika, leo wanalima kwako, kesho kwangu, unawapikia. Vikundi vikachagua viongozi wao wenyewe. Na kwa vile wanaume wengi walikuwa Nairobi, Mombasa ama jeshini, waliochimba walikuwa wanawake. Wamama hawa, na majembe yao na watoto mgongoni, ndio waliochonga vilima unavyoviona ukitoka mjini Machakos kuja huku. Ukiwa kwa matatu, angalia dirishani badala ya simu. Zile ngazi kwenye mteremko hazikuumbwa na Mungu.

Aina iliyoshinda inaitwa fanya juu. Unachimba mtaro kufuata usawa wa mlima, na udongo unaurusha upande wa juu. Unapanda nyasi kwenye ule ukingo. Mvua ikija, udongo unaoteremka unashikwa, na baada ya misimu kadhaa shamba lenyewe linalala karibu tambarare. Maji yanazama badala ya kukimbia. Ndani ya mtaro unaweza kupanda ndizi ama papai. Leo wataalamu wa udongo nchi nyingine wanaandika "fanya juu" kwenye vitabu vyao kwa Kiswahili, bila kutafsiri. Nadhani ni mojawapo ya vitu vichache ambavyo dunia ilichukua kutoka kwetu ikaacha na jina letu.

Baada ya uhuru 1963 watu walipumua, na matuta mengi yakaachwa, kwa sababu yalinuka ukoloni. Halafu likatokea jambo ambalo mimi naliona ndilo kubwa kuliko yote: miaka ya 1970 watu wakarudi kuchimba wenyewe. Hakuna aliyewalazimisha. Kulikuwa na misaada, ya Uswidi na baadaye ya Jumuiya ya Ulaya, lakini sehemu kubwa ya kazi ilifanywa na familia kwa mikono yao na kwa pesa iliyotumwa kutoka mjini. Mwaka 1994 watafiti watatu, Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki, walitoa kitabu kuhusu Machakos. Walionyesha kwamba kati ya 1930 na 1990 watu wa wilaya hii waliongezeka karibu mara sita, na badala ya ardhi kufa kama ilivyotabiriwa, ilipona. Miti iliongezeka. Mavuno yakapanda.

Kuna waliobisha, na ni sawa kubisha. Si kila boma lilifaidika. Aliyekuwa na mwana mwenye mshahara Nairobi alinunua jembe la ng'ombe na kuchimba matuta. Ambaye hakuwa naye alibaki kuchimba ya wenzake. Hilo nalo tulibebe, kwa sababu hata leo ukiona bustani nzuri kijijini, mara nyingi nyuma yake kuna mtu anatuma doh.

Kunde inaondoka, sukuma inaingia

Sasa tufike jikoni. Kilimo rasmi cha baada ya uhuru kilikuwa na mapenzi na vitu vipya. Mahindi ya haibridi yalianza kuuzwa kwa wakulima wa Kenya 1964, na hapa Machakos kituo cha Katumani kikatoa mahindi yanayokomaa haraka kabla mvua haijatoroka. Sitayasema vibaya mahindi ya Katumani. Yamelisha watu. Lakini pamoja na mbegu mpya kulikuja mbolea ya gunia, dawa ya chupa, na afisa wa kilimo aliyefundishwa kwamba terere na managu ni magugu. Shuleni ukaenda na kunde kwa mkebe ukachekwa. Mboga za kienyeji zikawa chakula cha shida.

Mahali pao ikaingia sukuma wiki na kabeji. Sukuma ni mboga nzuri, naila karibu kila siku kama wewe. Ila kuna jambo moja ambalo sikuwahi kuambiwa kwa somo lolote la kilimo. Sukuma inahitaji baridi ndiyo itoe maua na mbegu. Kwa joto la Masii inakuwa ndefu kama mlingoti bila kuzaa hata punje. Ukitaka kupanda upya, unaenda dukani. Kunde, terere na managu zinakaa kinyume: ziache shina moja likauke, una mbegu za msimu ujao na za kumpa jirani.

Fikiria hiyo kidogo. Tulipobadilisha mboga kwenye sahani, ufunguo wa ghala la mbegu pia ulihama, ukatoka juu ya moto wa susu ukaenda kwa kaunta ya agrovet. Hakuna sheria iliyopitishwa siku hiyo. Ilitokea sahani kwa sahani.

Njaa ya mwanzo wa miaka ya 1980, iliyofika kilele 1984, ilipewa jina la Nikw'a Ngwete. Maana yake ni kama kusema: nakufa na ninayo mkononi. Yaani pesa mtu alikuwa nayo, chakula cha kununua hakikuwepo. Kizazi kilichotangulia kilikuwa kimefunzwa uza kahawa, uza pamba, nunua chakula. Halafu ukaja mwaka ambao noti haikuweza kuwa ugali. Kila nikisikia mtu akisema kwa nini upande na sokoni kuna kila kitu, nakumbuka hilo jina.

Jina linarudi, na bei yake

Miaka miwili baada ya hiyo njaa, 1986, ilianzishwa Kenya Institute of Organic Farming, kwa kifupi KIOF, na John Njoroge. Wakafundisha mboji, kuchimba vitanda kwa kina mara mbili, kuchanganya mimea. Wakulima wazee waliohudhuria mafunzo kama hayo lazima waliona nusu ya somo linafanana na nyumbani kwao. Mwaka 2005 ukaundwa mtandao wa KOAN wa wakulima hai, na 2007 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikapata kiwango chake cha pamoja, na alama inayoitwa Kilimohai. Ukiiona alama hiyo kwa paketi, ndiyo hiyo.

Upande mwingine, Prof. Mary Abukutsa-Onyango wa JKUAT alikuwa akitafiti mboga za kienyeji wakati wenzake wengi waliziona takataka, na Patrick Maundu wa Makavazi ya Taifa alikuwa akirekodi mimea ya chakula na majina yake kwa lugha zetu. Desemba 2021 UNESCO ikaiweka kazi ya Kenya ya kulinda vyakula vya asili kwenye orodha yake ya mifano bora. Managu ikafika Paris. Na sasa hoteli za Nairobi zinaipika kwa krimu na kukuambia ni ya kipekee.

Mimi sina chuki na hiyo bei. Mkulima apate pesa yake. Kinachoniuma ni kwamba kijana wa Umoja ama Pipeline anaona kile kibandiko na kuamini chakula safi ni cha tabaka fulani, halafu anarudi kununua sukuma ambayo hajui imemwagiliwa maji gani wala imepulizwa nini. Mwaka 2025 serikali ilipiga marufuku dawa 50 za kuua wadudu na kuwekea nyingine 151 masharti makali. Ni hatua nzuri. Ila jiulize hizo 50 zilikuwa kwa sahani ya nani miaka yote hiyo. Hazikuwa kwa sahani ya Karen.

Mbegu kortini

Hapa ndipo historia inagusa mkono wako wewe unayesoma. Mwaka 2012 sheria ya mbegu ya Kenya ilifanyiwa marekebisho. Kuuza ama kubadilishana mbegu ambazo hazijasajiliwa na kuidhinishwa likawa kosa, na adhabu ingeweza kufika miaka 2 jela ama faini ya hadi shilingi milioni 1. Soma tena. Ile kazi ya susu kumpa jirani kibakuli cha kunde, ilikuwa imewekwa kwenye sentensi moja na jela. Na hiyo ni nchi ambayo katiba yake ya 2010, kifungu cha 11, inalitaka Bunge litunge sheria ya kutambua na kulinda mbegu za asili na umiliki wa jamii zilizozitunza.

Mwaka 2022 wakulima wadogo 15 wakaenda kortini. Na korti ilikuwa wapi? Machakos. Watu wa kawaida, wengine hawajawahi kusimama mbele ya jaji, wakaishtaki serikali kuhusu haki ya kushiriki mbegu. Novemba 2025 Mahakama Kuu ikakubaliana nao: vifungu hivyo vinakiuka katiba.

Sikuona watu wakicheza barabarani. Trendi ya siku hiyo ilikuwa kitu kingine kabisa. Lakini ukiweka tarehe kwa mstari, 1938 na 2025, utaona ni kesi moja. Mara ya kwanza ilikuwa: nani anaamua kuhusu ng'ombe wako. Mara ya pili: nani anaamua kuhusu mbegu yako. Mara zote mbili watu wa kawaida walienda kudai, na mara zote mbili wenye mamlaka walikuwa wameshaambiwa na wataalamu kwamba ni kwa faida ya mkulima. Kesi kama hizi zinaweza kukatiwa rufaa na sheria zinaweza kuandikwa upya, kwa hivyo usilale.

Sasa basi, tupande ama tupige kelele?

Vyote. Mimi niliacha chuo, niko nyumbani Masii, na kupanda ndiyo darasa lililobaki. Kwa hivyo naongea na mikono ikiwa na udongo. Haya ndiyo historia hii imenifunza kufanya, na unaweza kuyafanya hata ukiwa na balkoni.

Fuata mvua. Ukambani tuna misimu miwili, Machi hadi Mei na Oktoba hadi Desemba, na wazee wanaiamini zaidi ya pili. Panda kunde na terere mvua ikigusa ardhi. Wiki tatu ama nne unaanza kuchuma majani.

Kwa sehemu kavu, chimba kitanda kishuke, usikiinue. Hivyo vitanda vya kuinuliwa unavyoona kwa video za nje ni vya mahali mvua ni nyingi. Huku unataka maji yakae. Ni fanya juu ya ukubwa wa kitanda. Funika udongo na nyasi kavu ama mabua.

Maji ya kuosha mboga na mchele yasimwagwe. Maji hayo yanasaidia kuweka hai dania, mrehani na mchaichai wakati wa kiangazi. Rozimari ikishashika mizizi haitaki mengi.

Kama unaishi mjini, gunia linatosha. Kibera iliipa dunia somo hilo tangu 2008: udongo, samadi, mawe katikati ya kupitisha maji, miche pembeni na juu. Wadudu wakija, majivu na maji ya pilipili kwanza.

Na kila msimu, acha mimea michache bora kabisa ikomae hadi ikauke. Usile bora zote. Hizo ndizo mbegu. Weka kwa chupa kavu na majivu, andika jina na mwezi, na mpe mtu mmoja.

Ila nikomalie jambo moja la mwisho, kwa sababu linasahaulika kila oganiki ikiwa fasheni. Bustani ya zamani ilisimama juu ya mgongo wa mwanamke. Maji alichota yeye, mtoni, alfajiri. Matuta alichimba yeye. Mbegu alitunza yeye, na jina lake halikuandikwa popote. Kuna vikundi huku Machakos na Makueni vimejenga mabwawa ya mchanga kwenye mito ya msimu, ukuta mmoja wa zege unaoshika mchanga na maji ndani yake, na kwa jirani wa bwawa kama hilo bustani inawezekana hata Septemba. Hapo ndipo pesa za kaunti zinapaswa kwenda kabla ya semina nyingine ya vijana na kilimo yenye chai na mandazi. Na wewe kijana wa kiume unayeposti "turudi kwa asili", anza kwa kubeba mtungi. Kama kurudi kwa asili maana yake ni mama yako arudi mtoni, basi hatujarudi popote, tumemrudisha yeye peke yake.

Wikendi hii piga simu moja. Kama bado una susu, cucu, bibi, dani ama shosho, muulize vitu vitatu: mlikula mboga gani ambayo siku hizi siioni, mbegu yake mliiweka wapi, na nani aliwapa. Andika majibu yake hapo chini kwa lugha yake mwenyewe, usitafsiri. Nitayakusanya yote, na ambaye yuko karibu na Masii akitaka mbegu za kunde na terere, nina kibuyu. Sasa hivi ni halali kukupa.